Mdomo wa Babu

Watu walimwita Mzee Cheche, na jina hilo alikuwa amelifanyia kazi. Miaka thelathini na moja alikuwa akichomea vyuma: mageti, grili za madirisha, ngazi za nje, vitanda vya bweni, hata kizimba kimoja cha mbwa ambacho mwenye mbwa alikikataa kwa sababu kilikuwa kizuri kuliko nyumba yake mwenyewe. Karakana yake ilikuwa banda la mabati kando ya barabara, na jirani yake ukuta kwa ukuta alikuwa Fundi Rangi, aliyepaka kila kitu ambacho Mzee Cheche alikiunga. Wawili hao walikuwa wamezoea kutaniana mpaka wateja wapya walidhani ni maadui.

Mzee Cheche alikuwa na tatizo moja la mwilini ambalo hakuliona kuwa tatizo. Mara mbili au tatu kwa mwaka, upande wa kulia wa mdomo wa chini ulianza kumwasha, kama mdudu anatembea chini ya ngozi. Kesho yake asubuhi malengelenge madogo yalikuwa yameshajaa pale, yamebanana kama mbegu za ufuta. Yalipasuka, yakatoa maji, yakafanya kigaga cha manjano, na siku ya tisa au ya kumi mdomo ulikuwa mzima. Lilibaki doa jekundu tu, nalo lilififia lenyewe.

Yeye aliamini ni cheche. Hakupenda kuvaa ngao ya uso kwa sababu ilimbana na ilimtoa jasho, basi alichomea kwa miwani ya giza peke yake, mdomo wazi mbele ya ule mwanga mkali. Kila alipomaliza kazi kubwa, kama geti la milango miwili, kidonda kilitokea. Angewaza nini kingine? Alipaka dawa ya meno, akapaka chumvi, mwaka mmoja akapaka grisi, nusura alie. Muuza dawa wa mtaani alimpa mafuta ya kuua bakteria, akayapaka wiki nzima, kidonda kikapona siku ileile ambayo kingepona bila mafuta.

"Mjusi amekukojolea tena," Fundi Rangi alikuwa akimwambia.

"Mjusi wako wewe ndiye anayekunywa rangi yote," Mzee Cheche alimjibu, na mazungumzo ya kitabibu yaliishia hapo.

Mke wake alifariki binti yao akiwa na miaka tisa. Ndugu walishauri mtoto apelekwe kwa shangazi yake, lakini Mzee Cheche alikataa katakata. Alijifunza kumsuka nywele kwa mama jirani, akimsuka mikia miwili iliyopinda, mmoja juu mmoja chini, na mtoto aliivaa shuleni bila kulalamika. Alipika, akafua, akahudhuria vikao vya wazazi akinuka chuma. Binti akakua, akawa mwalimu wa chekechea, akaolewa na mpima ardhi, kijana mpole asiye na maneno mengi. Baada ya miaka mitano ya ndoa na mimba mbili zilizoharibika, akajifungua mtoto wa kike, mzima, kilo tatu na robo. Wakampa jina la bibi yake.

Simu ya habari hiyo ilimkuta Mzee Cheche juu ya ngazi. Alishuka, akakaa chini kwenye vumbi la chuma, akajifuta uso kwa kofia yake. Fundi Rangi alifikiri amefiwa.

Wiki ile alikuwa na geti la kiwanda lenye tarehe ya kukabidhiwa, hawezi kuliacha. Alilimaliza kwa siku tatu mfululizo juani, na siku ya tatu jioni mdomo ukaanza kumwasha. Hakuujali. Siku iliyofuata alioga mara mbili, akavaa shati jeupe, akaenda kumwona mjukuu.

Binti yake alikuwa ameketi kitandani, miguu imenyooshwa, uso umevimba kwa usingizi wa kukopa. Mkwe wake alikuwa akikunja nepi kwa uangalifu wa mtu anayechora ramani. Mtoto alikuwa katikati ya mito miwili, ngumi zimefungwa.

"Karibu, baba," mkwe alisema. "Mwenyewe huyu hapa."

"Mchumba wangu," Mzee Cheche alisema, kwa utani wa babu na mjukuu. "Nimesikia umefika na hukunitumia hata salamu."

Binti alimtazama. "Baba, mdomo umefanyaje?"

"Cheche tu. Unanijua."

Alimjua kweli. Tangu utotoni alikuwa akikiona kidonda kile kikija na kuondoka, kama watu wengine wanavyoona kipara cha baba yao. Akampa mtoto. Mzee Cheche alimpakata kwenye viganja vyake vigumu, akamleta karibu, akanusa kile kichwa. Akambusu utosini, akambusu shavuni, akambusu pembeni mwa mdomo, pale ambapo mtoto alikuwa akitafuta ziwa. Mtoto akageuza uso na kumnyonya kidevu. Wote watatu walicheka.

Alikaa saa mbili. Alirudi kazini akipiga mluzi, na Fundi Rangi alimwambia kwamba uzee umempanda kichwani.

Siku ya kumi na moja ya umri wake, mtoto hakuamka kunyonya. Mama yake alimgusa akamkuta moto. Pembeni mwa mdomo kulikuwa na vilengelenge vitatu, na kimoja kwenye kope. Walimkimbiza kwenye zahanati ya karibu, wakaambiwa ni vipele vya joto na labda uchafu wa ngozi, wakapewa mafuta na dawa ya homa. Walirudi nyumbani nusu wameridhika. Kesho yake asubuhi mkono wa kushoto wa mtoto ulianza kurukaruka, kisha mguu, kisha macho yakageuka juu.

Mzee Cheche alikuwa akikata bomba kwa grenda aliposikia simu ikitetemeka kifuani. Aliizima grenda.

"Baba," binti alisema. "Mtoto ana degedege. Tuko hospitali kubwa." Halafu hakusema kitu kingine, ila simu haikukatika, na Mzee Cheche alisikia mtu akipita na kitu chenye magurudumu, na mtu mwingine akiita jina la kitanda.

Alifika na nguo za kazi. Mlinzi alimzuia getini kwa sababu ya mavazi, akamwachia alipouona uso wake.

Mtoto alikuwa kwenye kisanduku cha kioo chenye joto, amevuliwa kila kitu isipokuwa nepi. Mshipa wa kichwani ulikuwa umechomwa sindano, na mrija mwembamba ulipanda mpaka kwenye chupa. Walikuwa wamemtoa maji ya uti wa mgongo. Nesi alimruhusu babu kutazama kupitia dirisha la ukumbini tu. Alitazama. Mikono yake ilikuwa inaning'inia pembeni, na hakujua aiweke wapi.

Daktari wa watoto alikuwa mama wa makamo, mwembamba, miwani inaning'inia kifuani kwa uzi. Alimwita binti peke yake katika chumba kidogo, wakakaa humo dakika ishirini. Binti alitoka uso umebadilika. Alimwendea mumewe kwenye benchi, akasema naye kwa sauti ya chini. Mzee Cheche, aliyekuwa ncha ya pili ya benchi, hakusikia maneno yote. Alimsikia mkwe wake akiuliza, "Na wewe ulimjibuje?" Kisha mkwe akasimama, akaenda mpaka mwisho wa ukumbi, akasimama mbele ya bango la chanjo na kulisoma kwa muda mrefu mno.

Binti akasogea kwa baba yake. Alikuwa mkavu, halii, na hilo lilimtisha zaidi Mzee Cheche.

"Wanasema ni kirusi," alisema. "Kimeingia mpaka kwenye ubongo. Daktari ameniuliza kama nina vidonda. Huko chini. Kama niliwahi kuwa navyo, au mume wangu. Anasema mara nyingi mtoto hukipata kwa mama wakati wa kuzaliwa."

"Na wewe..."

"Sijawahi, baba. Sijawahi hata siku moja. Nimemwambia hivyohivyo mume wangu." Alitazama mwisho wa ukumbi. "Hajasema chochote. Afadhali angesema."

Mzee Cheche alimfahamu mkwe wake kuwa mtu wa haki. Lakini aliuona ule mgongo uliokuwa umewageukia, na aliona kwamba mtu huyo alikuwa akipiga hesabu za miezi na safari zake za kazini. Akanyanyuka. Alitaka kwenda kumwambia kijana asiwe mjinga, kwamba yeye ndiye aliyemlea huyu mtoto wa kike na anamjua. Badala yake miguu ilimpeleka kwenye mlango wa daktari, kwa sababu neno moja lilikuwa limemkwama kichwani. Vidonda.

"Daktari, samahani. Mimi ni babu."

"Keti, mzee."

"Huu ugonjwa wa mjukuu wangu. Ni lazima utoke kwa mama?"

"Si lazima. Kirusi hiki kina ndugu wawili. Mmoja hupenda sehemu za siri, mwingine hupenda mdomo. Huyu wa mdomo tunaye watu wengi sana, wengine tangu utotoni. Hujificha kwenye mishipa ya fahamu na haondoki tena maisha yako yote. Amelala tu. Ukipata homa, au uchovu, au jua kali, anaamka. Unaanza kuwashwa mdomoni, halafu malengelenge, halafu kigaga. Mtu mzima hapati shida, kinapona chenyewe. Mtoto mchanga hana kinga. Mtu mwenye kidonda kibichi akimbusu tu, basi."

Alisema hayo yote akiandika. Halafu akainua macho.

"Mwanga wa kuchomea vyuma," Mzee Cheche aliuliza, "nao unakiamsha?"

"Unaunguza ngozi kama jua. Ndiyo, unaweza." Daktari akaiweka kalamu chini. Aliitazama ovaroli yake, matundu ya moto kifuani, kisha mdomo.

Mdomo ulikuwa umeshapona. Pale palipokuwa na kigaga kulikuwa na doa dogo tu, ambalo mtu asiyejua angedhani ni kivuli. Mzee Cheche aliligusa kwa ncha ya kidole. Wazo lilimjia, na baadaye alilionea aibu kuliko jambo jingine lolote maishani mwake.

"Kikishapona," alisema taratibu, "kuna anayeweza kujua kilikuwapo?"

Daktari akavaa miwani yake. "Ningekuuliza tu, mzee. Na ungenijibu unavyotaka."

Ukumbini mtu alikohoa. Mzee Cheche aliwaza kuhusu binti yake, aliyeketi peke yake kwenye benchi.

"Siku ya nne," alisema. "Nilikuwa nacho. Kibichi. Nilimbusu hapa." Akaonyesha pembeni mwa mdomo wake mwenyewe. "Nilidhani ni cheche. Miaka yote nilidhani ni cheche."

"Kuna mtu aliyewahi kukuambia tofauti?"

"Hakuna."

"Siwezi kuapa kwamba ni wewe," daktari alisema. "Nakueleza ukweli. Lakini siku zinalingana, na ulichosema kinanisaidia. Dawa tumeshaianza, ya mshipani, kila baada ya saa nane, siku ishirini na moja. Tungeianza jana ingekuwa bora zaidi. Wangetuletea siku ile walipokwenda zahanati." Akaichukua tena kalamu. "Sasa tunangoja."

"Nifanye nini?"

"Hakuna cha kufanya, mzee. Kungoja tu."

Alitoka. Alimwita mkwe wake kutoka kwenye lile bango, akamketisha kando ya mkewe, na yeye akabaki amesimama mbele yao kama mtuhumiwa. Aliyasema yote bila kuyapamba: kidonda, busu, kirusi, mwanga wa kuchomea. Akamwambia mkwe wake, "Mke wako hana kosa lolote. Ukitaka wa kumtazama kwa jicho lile, nipo hapa."

Kijana aliinamisha kichwa. Polepole alipeleka mkono akashika mkono wa mkewe, na mkewe akamwachia, lakini hakuubana.

"Nilikuuliza," binti alisema. Alikuwa akitazama sakafu. "Nilikuuliza, baba, mdomo umefanyaje."

"Uliniuliza, mama."

"Na mimi nikakupa."

Mzee Cheche alipiga hatua moja kumwendea. Alitaka kumwambia kwamba yeye hakujua, nao hawakujua.

"Nenda nyumbani kwanza," binti alisema. Hakupaza sauti. "Tafadhali. Siwezi kukuona sasa hivi."

Hakwenda nyumbani. Alikwenda mpaka nje ya geti la hospitali, kwenye ukingo wa saruji ambapo watu walikuwa wakingoja wagonjwa wao, akakaa. Siku iliyofuata alikaa tena palepale, na iliyofuata pia. Asubuhi alikuja na chai ya maziwa kwenye chupa na mkate, akampa mlinzi apeleke juu, na saa za mchana chupa ilirudi tupu. Hakujua nani aliinywa. Hakuuliza.

Karakana ilifungwa. Fundi Rangi aliwaambia wateja kwamba fundi anaumwa, kisha naye akaja kukaa kwenye ukingo, mikono ina rangi ya bluu. Alisikiliza habari yote mpaka mwisho.

"Nami nilikuwa nikisema mjusi," alisema.

"Ulikuwa unatania."

"Nilikuwa natania. Angalau ningekuambia, nenda hospitali, mjinga wewe."

"Ningekwenda kufanya nini? Kidonda cha siku tisa."

Kwa kweli dawa ilikuwapo. Daktari alimweleza siku alipomkuta pale getini akiondoka kazini: vidonge ambavyo mtu huvimeza mara tu mdomo unapoanza kuwasha, kabla lengelenge halijatoka, na kidonda kikawa kidogo au kisitoke kabisa. Na ngao ya uso. Na mafuta ya mdomo ya kuzuia jua. Na kikombe chako, taulo lako, kunawa mikono kila unapokigusa, na usimbusu mtu mpaka kigaga kianguke chenyewe. Mambo mepesi. Mzee Cheche aliyasikiliza akiitikia kwa kichwa, na kila jambo jepesi lilimlemea zaidi ya lililotangulia.

Siku ya sita hospitalini degedege ilirudi mara tatu. Mkwe alishuka kumwambia, akiwa hajanyoa, shati limevaliwa ndani nje. Alisema wamemwongezea dawa ya kutuliza, mtoto hafungui macho. Mzee Cheche alimwuliza kama kuna kitu kinatakiwa: damu, nguo, chakula, kitu chochote. Kijana alifikiri kwa dhati, kama mtu anayetaka kumsaidia.

"Hakuna, baba," alisema. "Hata sisi tunakaa tu."

Alipanda naye siku hiyo mpaka dirishani, kwa ruhusa ya nesi, binti akiwa ameenda kuoga. Mtoto alikuwa amepungua. Pembeni mwa mdomo vidonda vilikuwa vimekauka na kufanya kigaga kidogo cha manjano, kilekile alichokijua, upande uleule wa kulia. Kando yake kulikuwa na kitanda cha chuma kisichotumika, na mguu wake mmoja ulikuwa umeungwa vibaya, mshono una matundu, utakatika wakati wowote. Alimwambia nesi kwamba anaweza kuutengeneza kwa nusu saa, hataki kitu. Nesi alimshukuru kwa upole na kumwambia kuna idara ya ukarabati, wao ndio wanaohusika. Akarudi chini.

Siku ya tisa mtoto alifungua macho. Siku ya kumi na mbili alinyonya, mara nne, akachoka. Siku ya ishirini na moja walimpima maji ya mgongo tena, na kirusi hakikuonekana. Alitolewa kwenye kisanduku, akafungwa kwenye shuka, wakashuka naye watatu: baba, mama, na mkoba mkubwa wa dawa za kumeza kwa miezi sita.

Mzee Cheche alisimama kutoka kwenye ukingo walipofika getini. Hakusogea. Binti alimwona, akasimama pia. Alikuwa amekonda mpaka mabega yalichomoza.

"Chai yako ilikuwa na sukari nyingi," alisema.

"Nitapunguza."

"Daktari anasema mkono wa kushoto hatujui bado. Labda na kuona. Tutajua akianza kukua." Alimrekebisha mtoto shuka. "Njoo Jumapili."

Alikwenda Jumapili hiyo, na Jumapili zote zilizofuata. Karakana aliifungua tena, na sasa anachomea akiwa ndani ya ngao inayomfunika mpaka shingoni, wateja wanamsemesha na hasikii. Mtoto ana miezi kumi. Anatambaa kwa upande, mkono wa kulia unavuta na wa kushoto unafuata nyuma, umekunja vidole. Anaona. Kila mwezi anapelekwa mazoezi ya viungo, na babu ndiye anayembebea mama mkoba. Mkwe anamwita baba kama zamani. Hakuna anayemtupia neno, na siku moja binti alimwambia waziwazi kwamba amemsamehe, kwamba kwanza hakuna cha kusamehe, hakujua. Alimaanisha. Mzee Cheche anamjua akimaanisha.

Lakini kila Jumapili anapofika mlangoni na kunyoosha mikono kumpokea mjukuu, binti humtazama mdomo kwanza. Ni kitambo kidogo tu, jicho linashuka na kupanda, na binti mwenyewe hajui kwamba anafanya hivyo. Mzee Cheche husimama pale mwangani, uso ameuinua kidogo ili aonekane vizuri, akingoja mpaka amalize.